Mama Mkwe, Pazia na Wamarekani Wawili

Tangu nirudi, dukani kwangu hapakaliki. Anayekuja kupunguziwa suruali anaketi, anakunja miguu na kusema, "Wandera, hebu anza pale Mzungu alipolia." Mwingine amesikia kwamba nilifika Tororo nikiwa juu ya paa la gari. Mwingine anaapa kwamba Wamarekani walipigana mieleka kule Tiira. Hakuna aliyepigana, na aliyelia ni mimi peke yangu, na hapo nitafika. Nimekata shauri kuandika yote mara moja ili nipate nafasi ya kushona nguo za watu.

Najua barua hii itafika hata kwa rafiki zangu wa Mombasa, kwa hiyo niwaeleze jambo moja kwanza. Kwetu Wasamia, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaketi benchi moja. Mkikutana njiani, wewe unaingia kichakani. Ukichelewa, anaingia yeye. Msidhani ni chuki. Ni heshima, tena ya juu kabisa, na anayeivunja anatafuta mbuzi wa kulipa faini.

Sasa, mama mkwe wangu alikuwa amepata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alibakiwa na mwanga na vivuli tu. Kila mara mke wangu Ajambo alipokwenda kumwamkia kule Funyula, alirudi na neno lilelile: mama anasema hataki kufa kabla ya kumwona mjukuu, na kumwona si kumpapasa. Ajambo wakati huo alikuwa mjamzito. Ndipo habari ikatufikia kwamba daktari wa macho, yule anayezunguka wilaya kwa wilaya, yuko hospitali ya serikali Tororo. Atapokea wagonjwa mpaka Jumatano, kisha atabaki siku chache kuwatazama aliowapasua, halafu huyoo. Kurudi kwake anajua Mungu.

Ajambo ndiye aliyekuwa ampeleke mama yake. Mungu naye ana mipango yake: Jumapili, kabla ya wakati wake, Ajambo akajifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya tarumbeta. Shemeji zangu wako mbali, mmoja Kampala, mmoja melini. Nikabaki mimi.

Busia: basi linatuacha

Jirani walimleta mama mkwe kutoka Funyula wakamlaza nyumba ya pili, maana kulala kwa mkwe wake hawezi. Jumanne asubuhi nikatangulia kwenye basi nikajificha kiti cha nyuma kabisa. Nilidhani nimeshinda. Yeye akaletwa mlangoni na fimbo yake, akamuuliza utingo, "Mume wa binti yangu yumo humu?"

Utingo, kwa wema wake wote, akajibu, "Yumo mama! Njoo, amekushikia nafasi ubavuni pake."

Nafasi ile sikuishika mimi, ilishikwa na mama mmoja mwenye maembe, lakini nani angesikia? Mama mkwe aligeuka hapo hapo akaanza kurudi. Mimi nikaruka nje kwa dirisha, nisipishane naye mlangoni, basi likaondoka na kikapu changu cha mihogo na samaki. Kama kuna mtu wa Tororo aliyekula samaki wale, namwambia karibu.

Nilirudi dukani nimekasirika, nikamkuta Mzungu mzee amevaa khanga yangu ya kuuza. Khanga tu. Suruali yake ilikuwa imepasuka alipokuwa akisukuma gari, na mkewe alikuwa ameketi juu ya majora yangu akicheka hadi machozi yanamtoka. Mwanamume anaitwa Harlan, ameuza misumari na rangi maisha yake yote katika mji mdogo wa Marekani. Mke ni Doris. Walikuwa wanakwenda Tororo kumtembelea mpwa wao anayefundisha huko.

Hata nilipokuwa natia uzi kwenye sindano walikuwa wanabishana. Kwao, wakati huo, wanasiasa walikuwa wameshikana mashati juu ya jambo moja: je, serikali iwalipie wazee matibabu? Na wengine walitaka zaidi, ilipie kila mtu. Bibi Doris alitaka. Bwana Harlan hakutaka kusikia. Akainama, akatazama mlangoni kama mtu anayetaka kutaja jina la mchawi, akaninong'oneza, "Ndugu, huo ni usoshalisti."

Mimi neno hilo nalisikia kila mbunge wetu anaposimama jukwaani. Linapigiwa makofi. Nikadhani mzee anajisifia nchi yake, basi nikamshika mkono nikasema, "Hongereni sana!"

Bibi Doris alianguka kutoka kwenye majora.

Baada ya suruali kupona, niliwaeleza shida yangu. Bibi Doris hakungoja nimalize. Gari lao lilikuwa refu, na nyuma kulikuwa na nafasi ya kumlaza ng'ombe. Bwana Harlan akasema hakuna taabu, tena huyo mama haoni, basi mwiko wenu unaumia wapi? Swali hilo, rafiki zangu, limewakosesha usingizi wazee wa Funyula mpaka leo. Nililipeleka kwa mama mkwe kupitia kwa jirani, na jibu lilirudi upesi: "Mwambieni macho ndiyo yaliyokufa. Mimi sijafa."

Nikakata jora zima la kitambaa cha marekani, nikashona pazia, nikalitundika ndani ya gari. Mimi mbele na Bwana Harlan, Bibi Doris katikati, na nyuma ya pazia mama mkwe juu ya mito, na kuku wake mmoja ambaye hakuna aliyemkaribisha.

Mpakani

Askari wa upande wa Uganda aliona pazia macho yakamtoka.

"Hii pazia naficha nini?"

"Mama mkwe wangu," nikasema.

"Mama mkwe ya nani?"

"Wangu mimi. Huyu niliyeketi hapa."

Alikuwa ameshalishika pazia kwa ncha. Aliliachia kama limemuunguza, akarudi nyuma, akapiga saluti. "Pole sana, mama! Pita, pita! Mimi pia niko na yangu." Bwana Harlan alisema hajawahi kuona forodha inayofanya kazi kwa heshima namna hiyo. Nawaomba wenzangu mnaopitisha sukari na sabuni kwa njia za panya msije mkanishonesha mapazia.

Tiira: chungu kimoja

Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ya Tiira ilikuwa uji. Gari likazama mpaka tumboni. Nyinyi mnajua pale wanapochimba dhahabu: mashimo kila mahali na watu wekundu kwa udongo kuanzia kichwani. Walitoka mashimoni, wakatuzunguka, wakacheka kwanza, kisha wakasukuma. Kiongozi wao ni mtu wa kabila la Wateso anayeitwa Okiru, mtu wa mabega.

"Mzungu, hapana ogopa," akasema. "Sisi nasukuma. Wewe nakaa tu."

Walisukuma mpaka jua likashuka, na gari likatoka na matope yote ya Tiira. Kuendelea usiku haikuwezekana. Okiru akatukaribisha kwake, mkewe akatupikia kuku kwa mchuzi wa karanga pamoja na atapa, ule ugali wa wimbi na muhogo unaovutika. Kisha kikaletwa chungu cha malwa, pombe ya wimbi, mirija mirefu imetoka pande zote, na kila mtu akapewa mrija wake. Mama mkwe alikuwa amewekwa upande wa pili wa nyumba na wanawake. Tulitenganishwa na ukuta, lakini ukuta hauzuii maneno.

Bwana Harlan alifyonza kidogo, akafyonza tena, akasifu. Bibi Doris akamtazama. "Harlan," akasema, "unajua unakunywa chungu cha umma?"

Nikatafsiri. Wachimbaji wakaangua kicheko, wakataka kujua ugomvi wenyewe. Ikabidi nieleze Marekani nzima kati ya mfyonzo na mfyonzo. Bwana Harlan akajitetea, tena vizuri. Alisema baba yake alimlipa daktari kwa mayai. Daktari yule alijua jina lake, la mama yake, hata la mbwa wao. Daktari wa serikali atakujua kwa namba. Na serikali ikishalipa, ndiyo itakayosema unywe nini, ulale saa ngapi. Okiru alitikisa kichwa akasema, "Huyu mzee nasema kweli kidogo. Serikali naweza kukuhesabu hata meno."

Ndipo Bibi Doris akaacha kucheka. Akasema dada yake alikuwa mjane. Alipata uvimbe, akauficha chini ya nguo, si kwa aibu, kwa kuogopa gharama za hospitali. Alipouonyesha, madaktari walikuwa hawana la kufanya. Aliyasema kwa sauti ya kawaida. Bwana Harlan aliweka mrija chini akautazama mkono wa mkewe, asiushike.

Toka ng'ambo ya ukuta ikaja sauti ya mama mkwe. Hawezi kusema nami moja kwa moja, kwa hiyo aliita, "Mama Doris! Mwambie huyo anayetafsiri akupe pole yangu." Bibi Doris, asiyejua neno la Kisamia, akaitika, "Yes?" Nikampa pole. Akaendelea: "Tena mwambie aulize. Kwa hiyo kwao mgonjwa anaulizwa kwanza ana nini mfukoni, ndipo anaulizwa anaumwa wapi?"

Nilipotafsiri, Bwana Harlan akaurudia mrija wake.

"Lakini mimi pia naogopa hicho kitu cha wote," mama mkwe akasema. "Hospitali ya kila mtu! Nitalazwa kitanda cha jirani na nani? Wakimleta huyo mkwe wangu naye anaumwa?"

"Anasema nini? Anasema nini?" Bwana Harlan akaniuliza. Nikamwambia. Alipiga makofi akasimama. "Yuko upande wangu!" Wachimbaji wakamwimbia, sijui wimbo gani, na yeye akacheza. Hiyo ndiyo mieleka mliyosikia.

Busitema: mbele na nyuma

Jumatano tuliamka na jogoo. Tororo ilikuwa karibu, lakini Bwana Harlan alikuwa na ramani, na mtu mwenye ramani haulizi njia mpaka apotee. Tulipotea. Alipokubali kuuliza, aliuliza kwa mtindo wake wa Kizungu: "Tororo ni mbele, siyo?"

Mzee mmoja mwenye baiskeli akajibu kwa adabu, "Ndiyo, bwana."

Tukaenda. Msitu ukaanza. Nikamwambia hapa ni Busitema, tumekwenda upande mwingine kabisa. Akasimamisha gari, akamuuliza mama aliyebeba kuni: "Tororo iko nyuma?" "Ndiyo, nyuma." "Au mbele?" "Ndiyo, hata mbele."

Nikamweleza: huku kwetu huwezi kumpinga mgeni. Ukimuuliza mtu kama Tororo iko angani, atatazama juu kwanza. Uliza "iko wapi?" na ungoje. Bwana Harlan akasema kumbe wanasiasa wa kwao wanafanana na watu wa huku: jibu wanalokupa ni lile ulilolileta mwenyewe. Hapo mkewe alikubaliana naye, mara ya kwanza tangu Busia.

Tukiwa tumesimama, nyani mkubwa aliingia kwa dirisha la nyuma. Nyuma ya pazia ilisikika vurugu, kuku akalia, mama mkwe akapiga fimbo kushoto na kulia, nasi tusiweze kufanya lolote, maana mimi siwezi kufunua pazia, Bwana Harlan alikuwa ameshajifunza kuliheshimu kuliko mimi, na Bibi Doris alikuwa ameinama kwa kicheko. "Mama Doris!" akapiga kelele mama mkwe. "Mwambie huyo mwanamume kama ni yeye amekuja huku nyuma, nitamvunja mguu!" Nyani alitoka na mkate wa Wamarekani. Kuku alibaki. Sijacheka hivyo tangu harusi yangu, na nilikuwa nacheka huku natazama jua, maana lilikuwa limepanda na ilikuwa Jumatano.

Bwana Harlan aligeuza gari akalikimbiza, kichwa nje ya dirisha akitazama mashimo ya barabara. Jicho lake likajaa vumbi la njiani, maana huku mvua haikufika, na la kiwanda cha saruji cha Tororo. Mwamba wa Tororo ulipotokea mbele yetu, mzee alikuwa anaendesha kwa jicho moja.

Tororo: benchi

Hospitalini tulikuta benchi la wagonjwa bado limejaa. Mganga msaidizi, kijana wa Kijaluo wa Uganda aliyevaa koti jeupe, alikuwa anataka kufunga mlango.

"Hii mama nani naleta?"

"Mimi," nikasema, nimesimama nje ya dirisha, nimewapa mgongo. Nilijibu maswali yote kwa mgongo: umri wake, tangu lini haoni, kama ana kikohozi. Kijana aliniangalia, akamwangalia mama, akaelewa. Hakuniita tena ndani.

Bwana Harlan, jicho jekundu kama nyanya, akatoa pochi. Kijana akaisukuma kwa kidole. "Rudisha, mzee. Hapa hapana lipa. Nani ya mwisho?"

"Mimi," mama mkwe akaitika. "Akae nyuma yangu."

Akakaa. Bwana Harlan akamvuta kijana akamnong'oneza sikioni. "Kijana, unajua kwamba huu ni usoshalisti?"

"Asante, mzee," kijana akajibu, uso ukimng'aa. "Tunajitahidi."

Bibi Doris alilazimika kutoka nje kwa kicheko. Nilimshika asianguke, naye alinishika mimi. Tuliporudi dirishani, mtu mmoja alikuwa anajaribu kupenya mbele, na Bwana Harlan alikuwa amesimama, mikono imepanuka, akitetea benchi zima. "Foleni! Foleni!" Neno hilo alilipata wapi, sijui.

"Harlan, unalinda foleni ya serikali," mkewe akamwambia.

"Nalinda nafasi yangu," akasema. "Nafasi yangu ni mali yangu binafsi."

Walimsafisha jicho, wakalifunga kitambaa. Mama mkwe akalazwa. Kesho yake akapasuliwa, jicho la kulia.

Wodini

Mgonjwa lazima awe na mtu wa kumpa uji na kumfulia. Mimi niliweza kupika tu, nikiwa nyuma ya jiko la hospitali. Bibi Doris ndiye aliyembebea uji na kumshika mkono. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja na walizungumza tangu asubuhi. Bwana Harlan alipita kila jioni kutoka kwa mpwa wake kumsalimia "mpiga kura wake".

Kisha ikaja siku ya kufungua bandeji. Daktari mwenyewe alikuwa Mzungu mrefu, mwenye haraka, hajui Kisamia wala desturi za mtu. Nilikuwa nimesimama ukumbini nikiomba Mungu. Sikuomba kwa adabu, nilimsumbua kabisa. Nikasikia anasema, "Jamaa yake yuko wapi? Nataka aone sura anayoijua." Na kabla sijakimbia, mkono wake ulinishika bega, nikasukumwa ndani, nikasimamishwa mbele ya kitanda. Kitambaa kikatoka. Miwani minene ikawekwa.

Tulitazamana.

Mimi na mama mkwe wangu, uso kwa uso, hatua moja.

Wodi nzima ililia, "Uuuwi!" Mgonjwa wa kitanda cha pili, Msamia kama sisi, alimtupia mama blanketi kichwani. Mwingine alinitupia mimi shuka. Nikakimbia nimefunikwa, nikagonga mlango, nikamgonga Bwana Harlan, nikaanguka ukumbini. Nyuma yangu daktari alikuwa anapiga kelele, "Anaficha macho! Anaumia? Haoni? Mwulizeni anaona nini!"

Mama alikuwa kimya chini ya blanketi. Nikawaza: imeshindikana. Tumemleta njia yote ile, haoni, na sasa nitamwambia nini Ajambo?

Halafu sauti yake ikatoka ndani ya blanketi, polepole. "Mama Doris. Mwambie daktari asihangaike. Mwambie yule mwanamume ana pengo juu, upande wa kushoto. Mwambie shati lake halina kifungo cha pili. Tena mwambie, fundi gani wa nguo huyo?"

Nikashika kifua. Kifungo hakikuwepo.

Ndipo nikalia, rafiki zangu, nimekaa sakafuni na shuka kichwani, nalia na kucheka kwa pamoja. Bwana Harlan hakujua kilichotokea, lakini aliketi sakafuni karibu nami akanipigapiga mgongo, na jicho lake moja likalowa. Alisema ni saruji.

Siwezi kuwaambia nani kati yao alishinda ule ubishi. Walituleta mpaka Busia wakibishana, pazia likiwa palepale. Tulipoagana Bwana Harlan alisema daktari yule alikuwa hodari na angekuwa hodari zaidi kama angelipwa kwa mayai. Bibi Doris alisema basi amtumie mayai. Wakaondoka, bado tunawasikia.

Busia tena

Wazee wa Funyula wamekaa kikao juu ya kosa lile. Mimi natoa mbuzi, ni haki. Wanataka na daktari atoe, kwa sababu ndiye aliyesukuma, na wanatafuta mtu wa kumpelekea habari. Mimi nimekataa kwenda.

Siku tuliyofika, mama mkwe aliingia nyumba ya jirani, na Ajambo akampelekea mtoto. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, sikio ukutani. Nilisikia mtoto anapokezwa. Nilisikia miwani inarekebishwa.

"Mama?" Ajambo akauliza. "Unamwona?"

"Namwona," akasema mama mkwe wangu. "Pua hii naijua. Niliiona Tororo."